ANDIKA SAA: SOMO KUHUSU UANAGENZI WA SHERIA NA HAKI ZA BINADAMU

Na mwanachama, Kidato cha Tatu

UTANGULIZI

Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama alituomba kila mmoja wetu aandike somo juu ya kazi ambayo angependa kuifanya baada ya shule. Wenzangu wameandika juu ya udaktari, urubani na utangazaji. Mimi nimechagua kuandika juu ya wanafunzi wa sheria wanaojifunza kazi katika ofisi za haki za binadamu. Labda utauliza, kwa nini wanafunzi na si mawakili wenyewe? Soma polepole, utajua.

Kwanza kabisa nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, kaka yangu mkubwa alikamatwa na polisi asubuhi moja akiwa njiani kwenda kibaruani. Wakati huo alikuwa akifanya kazi ya mjengo. Aliachiliwa Ijumaa bila kupelekwa mahakamani, na aliporudi mjengoni alikuta nafasi yake imeshachukuliwa na mtu mwingine. Ati hawawezi kungoja mtu asiyejulikana aliko. Mama aliumia sana, maana kaka ndiye aliyekuwa akisaidia kulipa kodi ya nyumba na karo yangu.

Kwa vile mimi ndiye niliyekuwa nikisifiwa kwa insha, nilipewa karatasi niandike barua ya malalamiko. Niliandika kurasa tatu. Niliweka methali tano, na tashbihi sijui ngapi. Niliandika kwamba haki ya mnyonge imekanyagwa kama nyasi wapiganapo fahali wawili. Jirani mmoja wa ploti yetu alipoisoma alifuta machozi, nami nikajiona nimeiva.

Baada ya wiki kadhaa jibu lilikuja. Lilikuwa na maswali manne tu: Alikamatwa tarehe gani? Saa ngapi? Mahali gani hasa? Nani alishuhudia? Katika kurasa zangu tatu sikuwa nimeandika hata moja kati ya hayo. Mama alikumbuka kuwa ilikuwa Jumanne. Kaka mwenyewe alisema labda ni Jumatano. Kitabu cha matukio cha kituo kilionyesha Alhamisi. Barua yetu ikakwama hapo.

Msomaji, tofauti ya siku hizo si ndogo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema kwamba aliyekamatwa afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, wala isipite saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, basi asipitishe mwisho wa siku inayofuata ya kazi ya mahakama. Kama kaka alikamatwa Alhamisi na kuachiliwa Ijumaa, huenda hakuna aliyevunja sheria. Kama alikamatwa Jumanne, hayo ni mambo mengine kabisa. Kesi yote ilikuwa imelala juu ya jina la siku, nami nilikuwa nimeandika juu ya fahali na nyasi.

MAANA YA UANAGENZI

Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, akiwa chini ya mtu aliyeimudu. Fundi cherehani ana wanagenzi wake, na fundi wa magari vile vile. Mtaani tunasema "atachimenti". Wanafunzi wa sheria nao huenda uanagenzi wakati wa likizo zao ndefu. Baadhi huenda mahakamani, wengine huenda katika ofisi za mawakili wa biashara, na wengine huchagua mashirika ya haki za binadamu. Somo letu ni juu ya hawa wa mwisho.

Hapa Kenya shahada ya kwanza ya sheria huchukua miaka 4. Baada ya hapo mwanafunzi huenda Kenya School of Law iliyoko Karen, hufanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na hukaa miezi 6 chini ya wakili mzoefu kabla ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Kwa hiyo mwanafunzi wa sheria bado si wakili. Hawezi kusimama mahakamani kumtetea mtu, wala hafai kumwahidi mtu ushindi. Anachoweza ni kusoma sheria, kutafuta kesi za zamani, kupanga mafaili, na kuandika maelezo ya watu chini ya msimamizi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inazitambua hata kliniki za sheria za vyuo vikuu kuwa miongoni mwa watoaji wa msaada huo. Lakini hata kabla ya sheria hiyo kazi ilikuwepo. Shirika la Kituo cha Sheria, kwa mfano, limekuwa likiwasaidia maskini tangu mwaka 1973, na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, tangu mwaka 1985.

Kwa wanafunzi wa Ulaya na Marekani, uanagenzi huangukia likizo yao ya kiangazi, kuanzia Mei au Juni hadi Agosti. Ndiyo sababu miezi hiyo ukitembea kutoka Olympic hadi Makina huwezi kukosa kuona vijana wageni wenye chupa za maji na madaftari. Si wote ni watalii. Baadhi yao wako kazini.

NILIVYOIONA KAZI YENYEWE

Likizo ya Agosti iliyopita, binti ya mjomba wangu alikuja kukaa kwetu. Yeye yuko mwaka wa tatu wa sheria katika chuo kikuu kimoja cha serikali, na alikuwa amepata atachimenti katika ofisi ya msaada wa kisheria upande wa Makina. Kwa vile alilelewa na nyanya yetu mashambani, Kibera aliijua kwa kusikia tu. Vijia vya Gatwekera na Kisumu Ndogo havina vibao, na mvua ikinyesha hata wenyeji huteleza. Mama akaniambia, "Wewe si umefunga shule? Mwonyeshe dadako njia." Basi nikawa kiongozi wa njia kwa wiki nne.

Siku ya kwanza dada aliniambia waziwazi, "Wewe ni wa njia tu. Ya ndani hutayasikia, na ukiyasikia hutayasema." Nilikasirika kidogo, lakini ndivyo ilivyo. Siri ya mteja si mali ya mwanagenzi, sembuse mdogo wake. Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na watu waliosubiri. Nilichoona kwenye benchi hilo ni kwamba wengi hawakuja na kesi kubwa za magazetini. Mmoja alifungiwa nyumba na landilodi vyombo vikiwa ndani. Mwingine hakulipwa mshahara. Wengine walikuwa wakitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hayo waliyasema wenyewe kwa sauti, sikuyachungulia.

Ijumaa moja alasiri hapakuwa na wateja. Wakili msimamizi akasema wanagenzi wafanye zoezi la kuhoji, na akaomba mtu wa kuhojiwa. Nilikuwa nimeshamwomba kaka ruhusa ya kusimulia habari yake, naye alisema, "Sema tu, hakuna cha kuficha." Hata haya ninayoandika hapa ameyakubali. Basi nikaingia ndani, nikapewa kiti.

Wanagenzi walikuwa wawili, dada na kijana mmoja kutoka chuo kikuu cha Marekani. Huyu kijana alikuwa amejifunza Kiswahili kwao, na kwa kweli alijitahidi, hata alijua kusema "shikamoo" kwa wazee. Nilisimulia kwa Kiswahili, na wao wakaandika kwa Kiingereza, kwa kuwa mafaili mengi ya mahakama zetu yako katika Kiingereza. Halafu wakili akachukua karatasi zote mbili na kalamu nyekundu. Ilikuwa kama kusahihishiwa insha.

Kwenye karatasi ya mgeni kulikuwa na makosa mawili makubwa. Mimi nilisema kaka alikamatwa "saa nne asubuhi". Yeye aliandika nne ya Kizungu, yaani kumi alfajiri. Kwetu siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Kwao huanza katikati ya usiku. Hapo saa 6 nzima zilipotea, na mtu anayedai haki ya saa 24 hawezi kupoteza 6 hivi hivi. Isitoshe, ushahidi mwingine ukisema saa nne ya kweli, wakili wa upande wa pili atasimama na kusema, "Mheshimiwa, huyu shahidi anadanganya." Kumbe shahidi hakudanganya, aliyeandika ndiye hakuuliza. Kosa la pili: nilisema "wakamweka ndani", naye akaandika kwamba polisi walimwingiza nyumbani. Sote tulicheka, hata yeye. Lakini wakili hakucheka sana. Alisema karatasi kama hiyo ikifika mbali, hakuna wa kucheka.

Dada alidhani amepona, kumbe zamu yake ilikuwa ikija. Yeye aliandika "kundi la polisi", "kwa muda mrefu" na "akadhulumiwa". Wakili akapiga mstari chini ya kila neno. "Kundi ni wangapi? Muda mrefu ni saa ngapi? Na kudhulumiwa ni neno la jaji. Wewe niandikie kilichotokea." Dada akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nikifikiria zile kurasa zangu tatu.

Kisha wakili akanigeukia. "Siku hiyo kaka yako amekamatwa, wewe ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa shuleni.

"Ulijuaje habari?"

Nikasema Mama alikuja kunichukua saa kumi jioni, baada ya mfanyakazi mwenzake kaka kumletea habari.

"Saa kumi jioni shuleni kwenu huwa kuna nini?"

Nilitaka kusema hakuna kitu. Halafu nikakumbuka. Mama alinikuta nikibeba viti kwenda kwenye mkutano wa Chama cha Kiswahili, na nikaviacha mlangoni. Mkutano wetu huwa siku ya Jumanne. Tena katibu huita majina, na asiyekuwepo huandikwa sababu yake.

Wakili aliweka kalamu chini. Hakusema tumeshinda, maana yeye si wa kusema hivyo. Alisema tu, "Shule zikifunguliwa, kitafute hicho kitabu."

KUTOKA KIBERA HADI MABARAZA YA AFRIKA

Huenda ukafikiri kwamba haya ni mambo ya mtaani tu, na kwamba haki za kimataifa ni kitu kingine kinachojadiliwa kwenye majumba makubwa. Nami nilifikiri hivyo, hadi dada aliponieleza habari ya majirani zetu Wanubi.

Wanubi ni wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles. Mwanzoni mwa karne ya 20 walipewa mahali hapa wakae, na wakapaita Kibra, yaani msitu. Jina Kibera limetoka hapo. Lakini hata baada ya uhuru wengi wao walihangaika kupata vitambulisho. Kijana wa Kinubi alipofika miaka 18 alihojiwa kuliko wenzake, aonyeshe karatasi za wazazi na hata za babu, kana kwamba ni mgeni. Watoto wengine hawakupewa vyeti vya kuzaliwa.

Kenya imeukubali Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao uliandikwa mwaka 1990. Mkataba huo una kamati yake ya wataalamu inayopokea malalamiko. Mwaka 2009 mashirika mawili, IHRDA lenye makao yake Banjul, Gambia, na Open Society Justice Initiative, yalipeleka malalamiko kwa niaba ya watoto wa Kinubi wa Kenya. Machi 2011 kamati iliamua kwamba haki za watoto hao zimevunjwa, hasa haki ya kuandikishwa wanapozaliwa na kupata uraia, na ile ya kutobaguliwa. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza kabisa wa kamati hiyo kwa Afrika nzima, na ulihusu watoto ambao wengine wao huenda walikuwa wakicheza mpira Makina.

Wanubi walikuwa na malalamiko mengine pia, ya watu wazima, yaliyohusu uraia na ardhi. Hayo yalifikishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2006, na yakaamuliwa mwaka 2015. Hiyo ni miaka 9. Juni 2017 serikali iliwapa hati ya ekari 288 hapa Kibera. Mambo ya vitambulisho hayakumalizika siku hiyo, na shirika la papa hapa, Nubian Rights Forum, lilikuwa na wasaidizi wa kisheria waliowafuata watu hatua kwa hatua hadi wapate karatasi zao. Shirika hilo pia ni miongoni mwa walioishtaki serikali kuhusu Huduma Namba, kesi ambayo Mahakama Kuu iliamua Januari 2020.

Sasa fikiria, msomaji. Wale wataalamu hawakuishi Kibera. Walichosoma ni karatasi: mtoto fulani alizaliwa lini, hospitali ilisema nini, mzazi alirudi mara ngapi. Karatasi hizo ziliandikwa na mtu aliyekaa na mzazi na kumuuliza. Kazi ya namna hiyo ndiyo mwanagenzi anajifunza.

MFANO WA ARUSHA

Mfano mwingine uko Tanzania. Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama ya kuwahukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mahakama hiyo ilikaa Arusha hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Katika miaka hiyo wanafunzi wa sheria kutoka nchi nyingi walifanya uanagenzi pale, wakisaidia utafiti na kupanga nyaraka. Mashahidi wengi walizungumza Kinyarwanda, na maneno yao yakatafsiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza.

Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. La muhimu katika somo letu ni hili: mwanzoni hati ya mashtaka haikutaja ubakaji. Mashtaka hayo yaliongezwa Juni 1997, baada ya wanawake mashahidi kuyasema mahakamani. Jambo lilikuwa limetokea, lakini karatasi ya kwanza haikulitaja.

Leo Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ilitoa hukumu dhidi ya serikali ya Kenya katika kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau. Sheria inayoitumia zaidi, Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ilipitishwa hapa hapa Nairobi Juni 1981. Na kwa kuwa kifungu cha 2 cha Katiba yetu kinasema kwamba mkataba uliokubaliwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya, hakuna haja ya kuyaona mambo haya kama ya mbali.

NANI ANAWEZA KUMUDU?

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Uanagenzi mwingi wa haki za binadamu hauna malipo. Hata Umoja wa Mataifa kwa kawaida haujawalipa wanagenzi wa ofisi zake. Agosti 2015 magazeti ya dunia yaliandika juu ya kijana wa miaka 22 kutoka New Zealand aliyekuwa mwanagenzi wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Alikuwa akilala katika hema kando ya ziwa, na magazeti yalisema ni kwa sababu hakulipwa na nyumba za mji ule ni ghali mno. Nilipomsomea Mama habari hiyo alisema, "Kumbe hata huko?"

Dada naye hakulipwa. Alilala kitanda kimoja na Mama, alikula tulichokula, na siku nyingi alikwenda kwa miguu ili nauli ibaki. Kama hangekuwa na shangazi Olympic, angekaa wapi? Wako wanafunzi wenzake waliotaka nafasi kama ile wakaikosa, si kwa sababu ya akili bali kwa sababu ya kodi na chakula. Yule mgeni alipewa fedha za kujikimu na chuo chake. Simwonei wivu. Alifanya kazi kwa bidii, na alipokuwa akiondoka aliacha faili lililoeleza kila kazi imefika wapi, ili atakayemfuata asianze upya. Wakili alisema huo ndio uungwana wa mwanagenzi, maana wiki 10 huisha upesi na kesi hukaa miaka 9.

Ninachouliza ni hiki. Mtoto wa Kibera hahitaji kufundishwa maana ya "kuwekwa ndani". Saa nne anaijua, na vijia anavijua. Kwa nini basi iwe vigumu kwake kuliko kwa wengine kufanya kazi hii papa hapa kwao? Maoni yangu ni kwamba anayemchukua mwanagenzi angalau amlipie nauli na chakula cha mchana, na vyuo vyetu vitenge fungu kwa ajili hiyo. Isipokuwa hivyo, kazi ya kuwasikiliza maskini itafanywa na wale tu ambao hawajawahi kuwa maskini. Si vibaya wakifanya, lakini si vizuri wakiwa peke yao.

MAMBO YA KUANDIKA

Kabla hujafika chuo kikuu unaweza kuanza leo. Haya ndiyo niliyojifunza kutoka kwa wakili na dada. Ukiona tukio, au likikupata, andika siku hiyo hiyo:

1. Siku na tarehe. Usiandike "juzi".

2. Saa. Sema kama ni ya asubuhi, mchana au usiku. Ukiandika kwa Kiingereza, kumbuka kubadilisha hesabu.

3. Mahali hasa. "Kibera" haitoshi. Sema karibu na nini, upande gani wa reli.

4. Nani alifanya nini. Kama hujui jina, andika namba ya kazi, namba ya gari, au mavazi.

5. Nani mwingine aliona. Mwombe ruhusa kabla ya kuandika jina lake, na usimwonyeshe mtu ovyo karatasi hiyo.

6. Maneno yaliyosemwa, kwa lugha yalivyosemwa. Tafsiri ije baadaye.

7. Uliyoyaona mwenyewe uyaandike mbali na uliyosimuliwa.

8. Usiongeze chumvi. Ukiongeza kidogo na ikagunduliwa, hata ya kweli hayataaminiwa.

Sisemi kwamba methali na tashbihi hazina kazi. Zina mahali pake, na katika insha ya mtihani ziweke tu. Ila katika maelezo ya shahidi, "saa nne asubuhi" ni tamu kuliko tashbihi yoyote.

HITIMISHO

Muhula wa tatu ulipofunguliwa nilimwendea katibu wa chama. Kitabu cha miaka miwili iliyopita kilikuwa kabatini maktabani, chini ya nakala za zamani za jarida hili. Tulifungua ukurasa baada ya ukurasa. Tuliupata mkutano wa wiki ile, siku ya Jumanne, na kando ya jina langu kumeandikwa: "Ameitwa nyumbani na mama." Mwandiko ni wa dada mmoja aliyemaliza Kidato cha Nne na kuondoka. Hakujua anaandika ushahidi, alikuwa akiita majina tu.

Mwalimu mlezi alitoa nakala na kuitia sahihi. Kaka alikwenda kumtafuta yule mfanyakazi mwenzake aliyeleta habari, akampata Kawangware, naye akakubali kuandikwa. Maelezo mapya yamepelekwa pamoja na nakala hiyo. Dada alituonya kwamba tumechelewa, na kwamba huenda yasikubaliwe. Hadi ninapoandika somo hili jibu halijaja.

Lakini kabla hayajapelekwa nilimpa kaka ayasome kwanza. Ni ukurasa mmoja, na hayana methali hata moja. Aliyasoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni penye mwangaza. Kisha akanirudishia na kusema, "Sasa hii ndiyo ilifanyika."

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya mwanafunzi wa sheria na wakili.

2. Mtu amekamatwa Jumatano saa nne asubuhi. Kwa kufuata kifungu cha 49, anatakiwa kufikishwa mahakamani lini? Je, kama ni Jumamosi?

3. Tafsiri kwa Kiingereza bila kupoteza saa wala maana: "Walikuja saa mbili usiku, wakamchukua, wakamweka ndani hadi saa tano asubuhi."

4. Chagua tukio moja uliloliona wiki hii mtaani kwenu. Liandike kwa mistari 10 ukifuata mambo 8 yaliyotajwa. Usitumie neno "dhuluma".

5. Je, ni haki mwanagenzi kufanya kazi bila malipo? Jadili na mwenzako.